Kibati Namba Tisa

Mheshimiwa Afisa Michezo, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa klabu yetu ya kayaki. Kocha wetu, mwenye shughuli ya leo. Mke wa Kocha, uliyefua nguo za matope kwa miaka ishirini na miwili bila kututumia bili ya sabuni. Ndugu wanachama, nyinyi wa safu ya mbele mnaotaka kuonekana, na nyinyi wa karibu na mlango ambao najua fika mmekaa hapo ili msibakizwe kupanga viti: nawasalimu nyote. Hamjambo?

Mmeitikia kwa nguvu sana. Watu wakiniitikia kwa nguvu hivyo huwa najiuliza wanataka nini.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga Kocha kwa niaba ya wanachama. Hotuba yenyewe hii hapa, kurasa mbili, nimeichapa vizuri, na Ndugu Mwenyekiti ameipitia mara mbili kwa kalamu nyekundu. Hakubadilisha kitu ila sentensi moja tu, ambayo ameikata kwa mistari mitatu. Sasa, mtu akisoma kurasa mbili akakata sentensi moja, mimi sitaacha kuuliza ile sentensi ilimkera nini. Niliandika hivi: "Kocha hakustahili kuondoka kwa namna hii." Nimeisoma, Ndugu Mwenyekiti. Unisamehe, ila nilikuwa nayo kooni.

Wageni hamnijui, kwa hiyo nijitambulishe. Mimi ni fundi cherehani, na ndiye katibu wa klabu hii. Wenzangu wananiita Mpelelezi, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Ni kazi yangu iliyonifanya niwe hivi. Mteja anakuja ananiambia kiuno chake ni kilekile cha mwaka juzi. Mimi namwitikia kwa adabu zote, kisha nachukua futi nampima. Tangu asubuhi nashika chaki ya buluu, na buluu hiyo haitoki vidoleni hata nikisugua vipi. Wenzangu wanajua. Kikombe cha chai nilichonywea kinajulikana, kasia nililoshika linajulikana, na siku moja Kocha alikuta alama ya kidole changu kwenye mkate wake na akaula hivyohivyo. Cheka, Kocha, ulikula.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nilikuja hapa miaka tisa iliyopita nikiwa naogopa maji hata ya beseni. Siku ya kwanza Kocha hakunipa kasia. Aliniweka ndani ya kayaki, akaingia bwawani maji yakamfika kifuani, akaniambia, "Fundi, leo tunajifunza kupinduka tu. Kupiga kasia tutajifunza wiki ijayo." Nikamshuku palepale. Mtu gani anaanza kukufundisha kuanguka? Nilipinduka mara kumi na moja, nikanywa nusu ya bwawa, na mara ya kumi na moja nikatoka chini ya kayaki peke yangu, nikaishika, nikapuliza filimbi kama tulivyoelekezwa, na Kocha akanipigia makofi peke yake, mvua inanyesha. Nililia. Sikumwambia mtu, lakini leo nasema.

Kisha akanionyesha ule ubao pale mlangoni, nyuma yenu. Geukeni muuone. Kila mwanachama ana kibati chake chenye namba, kimetundikwa kwenye msumari. Upande mmoja mwekundu: yuko majini. Upande mwingine mweupe: yuko nchi kavu. Ukiingia majini unakigeuza, ukitoka unakigeuza. Na kanuni ni moja, imeandikwa juu kwa mkono wa Kocha mwenyewe: kila mtu akigeuze chake. Ubao ukiwa mweupe wote, tunafunga geti tunakwenda nyumbani. Banda zima hili, na maisha yetu sote, vinategemea misumari ile.

Lakini tuseme ukweli, tuliifuata kanuni ile? Mmeinamisha vichwa. Nani hapa hajawahi kumpigia mwenzake kelele kutoka bafuni, "Nigeuzie na changu"? Nani hajawahi kugeuza vibati vitatu kwa mkupuo kwa sababu kundi zima limesharudi, au anadhani limesharudi? Tuliita huko kusaidiana.

Miezi saba iliyopita, siku ya Jumamosi, tulikuwa na mazoezi ya kuokoana. Tulitoka kumi na wanne. Upepo ukabadilika, tukarudi makundi makundi, mmoja ana haraka ya harusi, mwingine ya mtoto, mimi nina gauni la mteja halijapindwa. Ndugu Mwenyekiti alikuwa na kikao chake saa kumi. Akasimama pale mlangoni, akatazama ubao, akasema, "Ubao mweupe, tufunge." Kocha akautazama, ukawa mweupe kweli, akafunga.

Dada yetu Mfamasia alikuwa bado kwenye matete upande wa pili. Kayaki yake ilipinduka, bega likateguka, na alishindwa kujivuta tena juu. Alishikilia matete kwa mkono mmoja kwa saa mbili na nusu. Alipuliza filimbi mpaka midomo ikapasuka. Kibati chake, namba tisa, kilikuwa kimegeuzwa cheupe, na yeye hakukigusa.

Kocha alirudi kuchukua miwani yake aliyoisahau. Angekuwa na kumbukumbu nzuri siku ile, Mfamasia asingekuwepo leo kwenye safu ya tatu. Aliona nafasi moja tupu kwenye rafu za kayaki. Aliingia majini na viatu. Na Jumatatu alileta barua ya mistari minne: kosa ni la mkufunzi, anaomba kustaafu mwisho wa msimu. Kamati ikaipokea kabla chai haijapoa. Kwenye muhtasari wa kikao imeandikwa, na mwandiko ni wangu maana mimi ndiye katibu: "Uzembe wa mkufunzi." Maneno hayo ndiyo yanayotoka naye leo kwenye geti lile, pamoja na zawadi na keki.

Ndugu wageni, mimi sikukubali. Nilijua kuna mkono uliogeuza kile kibati, na nikaapa nitaupata. Kwa miezi saba nimewashuku nyote.

Nilikushuku wewe, Ndugu Mwenyekiti, nakupongeza kwa moyo wako wa kujali ratiba. Nilijiuliza, mtu mwenye kikao saa kumi anashindwaje kugeuza kibati kimoja kilichobaki chekundu ili aondoke? Nilikwenda mpaka ofisini kwako kumuuliza karani wako ulifika saa ngapi. Ulifika saa kumi na dakika tano, na viatu vikavu.

Nilikushuku wewe, wifi yangu, mke wa kaka yangu, uliyeketi hapo unajipepea. Wiki ile ulikuwa umegombana na Mfamasia kuhusu nani akae mbele kwenye kayaki ya watu wawili. Nikaja kwako na ndizi, nikajifanya nimekuja kuwaona watoto, kumbe nimekuja kukupekua. Ukaniuliza, "Wifi, mbona unaniangalia hivyo?" Nikasema, "Nakuangalia tu, umependeza." Hukuwa umependeza.

Nikamshuku na Kocha mwenyewe. Ndiyo, Kocha. Kwa nini mtu asijitetee? Kwa nini siku ile aliking'oa kibati namba tisa msumarini akakitia mfukoni, na kesho yake pakatundikwa kipya? Nikasema, huyu anamficha mtu. Nikaanza kuhesabu ni nani kati yetu anayempenda kiasi hicho, nikaishia kwa Mwenyekiti, maana wamesoma pamoja.

Alhamisi iliyopita nilikuja hapa kupima kasia lake, nimshonee mfuko wake, ile zawadi mtakayoiona baadaye. Kocha alikuwa nje anapanga kayaki. Nikafungua droo ya meza yake. Hakuna aliyeniruhusu, nilipekua kwa mikono yangu. Chini ya filimbi za zamani nikakuta bahasha yenye tarehe ya Jumamosi ile. Nikasema, leo Mwenyekiti umekwisha.

Kibati kilikuwa ndani. Nikakigeuza upande mweupe, nikakipeleka dirishani.

Palikuwa na alama ya kidole gumba. Ya buluu.

Niacheni nimalize. Chaki ikilowa maji ya mkononi inashika kwenye rangi nyeupe, na ikikauka haifutiki. Niliweka gumba langu juu yake, likaenea sawasawa. Kupima ndiyo riziki yangu, sikuhitaji kupima mara mbili.

Ndugu zangu, sikumbuki. Nimejitahidi hadi kichwa kinauma. Nakumbuka nimetoka majini mbiombio, nakumbuka mgongo wa mtu mwenye jaketi la kijani anaingia kubadili nguo, na nakumbuka moyoni nikisema, haya, Mfamasia kashafika. Majaketi ya kijani yalikuwa mawili, wifi. La pili lilikuwa lako. Nadhani niligeuza changu, namba nane, na mkono haukusimama, ukamgeuzia na jirani. Nilimfanyia hisani. Nikaenda kupinda gauni, na miezi saba nikawa nawatazama nyinyi usoni kutafuta mwenye hatia.

Kocha akaingia akanikuta nimeshika kile kibati.

Nikamwambia, "Ulijua."

Akasema, "Nilijua siku ileile. Nani mwingine hapa ana kidole cha buluu?"

"Mbona hukusema, Kocha?"

"Ningesema, ungerudi tena majini wewe?"

Anajua nisingerudi.

Akavuta kiti. "Halafu fundi, kugeuza uligeuza wewe, lakini kuhesabu kayaki kabla ya kufunga ilikuwa kazi yangu. Nikauangalia ubao badala ya kuhesabu. Kwa hiyo ile barua haina uongo."

Mnajua nilivyo. Nikashuku hata huo wema. Nikamuuliza, mtu anayekubebea kosa miezi saba anataka nini? Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Nataka uendelee hivyohivyo. Tangu uanze kutushuku, hakuna aliyegusa kibati cha mwenzake. Mimi nimeandika ile kanuni miaka ishirini na miwili, mkaipita mnaimba. Wewe umewakazia macho tu, wote wakanyooka. Sasa rudisha hiyo bahasha, nenda kaniandikie hotuba nzuri."

Nikaenda nikaiandika. Ndiyo hii yenye kalamu nyekundu. Inakusifu, Kocha, kwa nidhamu, uvumilivu na ari, na ningeisoma hivyo ningepigiwa makofi, ningekula keki, nawe ungetoka na "uzembe wa mkufunzi" mgongoni, na mimi ningebaki hapa na cheo cha Mpelelezi. Nimelala nalo siku tatu. Siwezi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba radhi kwanza kwako na kwa karani wako. Pili, naomba muhtasari ule urekebishwe leo, mbele ya mgeni rasmi: iandikwe kwamba mkufunzi hakuhesabu, kama anavyong'ang'ania mwenyewe, lakini kibati namba tisa kiligeuzwa na katibu. Kalamu yako nyekundu itumike hapo. Na kwa kuwa mshitakiwa hawezi kuandika kesi yake, ukatibu nauweka mezani.

Wifi, ndizi zile zilikuwa za hila. Nitaleta nyingine.

Mfamasia, dada yangu. Nilikuja kukuona hospitali na maua, nikakaa kitandani kwako, nikakuahidi nitamtafuta aliyekufanyia hivi. Ukanishika mkono kwa mkono wako mzima ukasema, "Ukimpata, usimpige." Ni mimi. Nisamehe, na kama huwezi leo, nitangoja. Sitakuja na maua.

Na wewe Kocha. Ulinifundisha kupinduka kabla ya kupiga kasia, nami nikakushuku. Leo nimepinduka mbele ya watu sabini na kidogo, na nimetoka chini mwenyewe, kama ulivyonielekeza. Sina filimbi, ila naona mmenisikia. Nakushukuru kwa kuninyamazia, na nakuomba usininyamazie tena.

Nakushukuru mgeni rasmi kwa muda wako, nashukuru kamati, nawashukuru nyote mlionisikiliza hadi neno hili la mwisho hali mlikuja kula keki. Kocha, bahasha niliirudisha tupu: kibati namba tisa kile cha zamani nimekileta, kiko mfukoni mwangu. Mfamasia, njoo ukichukue. Nisingethubutu kukutundikia.