Nani Amekwama Leo?

Ndugu zangu, nawasalimu kwa upendo. Mimi si msemaji, na nikinyamaza katikati mnivumilie. Wengi hapa mnanijua kwa jina la Meneja, hata pale buchani sokoni naitwa hivyo. Jina hilo lilikaribia kunimaliza.

Nilikuja Karatu miaka ya tisini kutoka Kilimanjaro, fundi wa magari tu, kwenye kampuni ya kutembeza watalii. Nikapanda polepole mpaka nikawa meneja wa kambi zote. Siku zile dereva akiwa Soitsambu, kambi yetu ya mbali ng'ambo ya Ngorongoro, hakubadilisha hata njia bila kuniita kwenye redio ya ofisini. Mpishi akiishiwa viazi, ananiuliza mimi. Nilikuwa nachoka kweli, lakini nawaambieni ukweli, niliipenda ile sauti: "Meneja, Meneja, unanipata?" Nilijiona mtu.

Kisha bosi akabadilisha utaratibu. Alisema wageni wanakaa porini wakisubiri jibu la ofisini wakati waliopo kule wanaona wenyewe la kufanya. Tangu siku hiyo kila kikosi kijiamulie, dereva na mpishi na mwongoza wageni. Asubuhi kabla ya kuondoka, wote wasimame uani kuzunguka boneti ya Landrova, kila mtu na kikombe chake cha chai, na swali ni moja: nani amekwama leo? Mazungumzo yaishe kabla chai haijapoa. Na baridi ya Karatu mnaijua, chai haikusubiri mtu.

Mimi akaniita pembeni. "Meneja, kazi yako si kuamua tena. Kazi yako ni kusikia wamekwama wapi, halafu ukawakwamue."

Asubuhi ya kwanza nilisimama pale na kalamu mfukoni nikingoja waniripotie. Hawakuniripotia. Walitazamana wao kwa wao, wakaelewana, wakacheka kidogo, wakaondoka. Mzee mmoja tu, mpishi wetu aliyekuwa anapika ile chai ya tangawizi, ndiye aliyenimiminia kikombe bila kuniuliza.

Redio ikanyamaza. Nilikaa ofisini naitazama. Nikaanza kuwaza kwamba mtu asiyeulizwa kitu ataachishwa kazi muda wowote, na watoto wangu walikuwa shuleni. Usingizi ukapotea, presha ikapanda, kanisani nikaacha kuja. Baadhi yenu mlikuja kunitazama, nikawatuma watoto waseme sipo. Nilikuwepo, nimelala nimegeukia ukuta. Mke wangu ni mtu wa Mbulu, hazunguki maneno. Akaniambia, "Baba watoto, hivi asubuhi unaenda kazini au unaenda msibani?"

Basi, msimu mmoja wa mvua, mchana, redio ikaita. Ni dereva, yuko Soitsambu.

"Meneja, mzee wetu wa chai ameanguka. Ulimi mzito, mkono haunyanyuki. Tumeshaamua, tunampeleka hospitali ya huku huku sasa hivi na gari la wageni. Wageni wamekubali kubaki kambini. Hatuombi ruhusa, Meneja. Tunaomba utuletee mama."

Mama ni mke wa mzee, alikuwa huku Karatu. Ndugu zangu, sitawaficha, neno la kwanza kuniuma lilikuwa "tumeshaamua". Mtu anakufa, mimi naumia kwa sababu sikuulizwa. Halafu ndiyo likaniingia lile la mwisho. Wamekwama. Gari wanalo, hospitali wanaijua, ila mama hawawezi kumfikisha, na njia ya kwenda kule inapita lango la Ngorongoro, ambalo hufungwa jioni.

Nilimkuta shambani anapalilia maharage, nikampakia na mabuti yake ya mpira. Langoni kulikuwa na foleni ndefu, na sisi hatukuwa na kibali. Wale wa langoni tulijuana miaka mingi. Sikuwa na cha kuwaamuru, niliwaomba tu. Wakatusaidia, tukapita. Njia nzima ni tope, na mama amekumbatia jembe alilosahau kuliacha.

Tulifika mzee akiwa bado anamtambua. Alimshika mkono mkewe, akamtazama sana. Alfajiri akatutoka.

Tulipotoka kuzika tulisimama tena kwenye boneti. Chai alipika mtu mwingine, haikuwa na tangawizi. Dereva akauliza kama kawaida, "Nani amekwama leo?" Mimi nilikuwa sijawahi kulijibu swali lile, nilidhani ni la wao. Nikasikia sauti yangu inasema, "Mimi. Nimekwama tangu mlipoacha kuniita. Sijui hapa mimi ni nani."

Hakuna aliyecheka. Chai ikapoa na hakuna aliyeondoka. Yule dereva akasema taratibu, "Meneja, hospitali mimi niliweza. Lango nisingeliweza. Mama asingemkuta." Nikalia mbele yao, mtu mzima na ndevu zangu.

Siwadanganyi kwamba nimepona kabisa. Ziko asubuhi bado naitazama redio. Lakini kanisani nimerudi, na usingizi unakuja.

Nawashukuru wenzangu wa kazini. Namshukuru mke wangu, aliyenivumilia nikiwa mzigo. Na wewe mama uliyekaa pale, ulikuwa na msiba wako, lakini ndiwe uliyekuja kwangu kuniuliza kama nimekula. Sijui nikushukuru vipi.

Na ninyi mnaosimamia watu, nawaomba kitu kimoja. Siku watakapoweza kuamua bila wewe, usijifungie ndani. Nenda ukasimame nao, usikilize wamekwama wapi, uende. Na kama aliyekwama ni wewe, sema. Mimi nilichelewa kusema, na mtu wa kwanza ambaye ningemwambia ni yule mzee aliyenimiminia chai.

Siku hizi chai ya asubuhi naipika mimi. Naweka tangawizi, namimina, nazungusha. Wenzangu wananiambia wazi kwamba bado haijafikia ya mzee, na kila asubuhi wanaimaliza.