Dirisha la Magharibi

Landrova ya abiria ya kwenda Matrah, huku Omani, ilikuwa haijatoka Ruwi vizuri, na mama na mwana walioketi mbele yangu walishaanza kugombania nyumba ambayo bado ni msingi tu.

"Mama, nikiweka kuta nene na madirisha madogo, halafu feni ya jenereta, utalala kama mtoto," alisema Marhoon, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema hilo tangu asubuhi.

"Kama mtoto aliyelazwa kinuni," alijibu Bi Kheiria. "Jenereta likinguruma mlangoni, adhana nitaisikia wapi? Miye n'taka madirisha mapana, yaangalie magharibi. Kwetu Unguja, pale Shangani, mwezi wa saba tukifungua dirisha la magharibi tunajifunika shuka."

Mwezi wa saba ndio huo tuliokuwa nao. Jasho lilikuwa limenishuka mpaka kwenye ndara.

"Kule magharibi kulikuwa na bahari, mama. Huku kuna jangwa."

"Upepo ni upepo, mwanangu. Wote anauleta Mungu mmoja."

Hapo gari likapinda kona, na upepo wa magharibi ukatuingilia ubavuni, moto kama tanuri, na mchanga juu yake. Bi Kheiria alijifunika buibui uso mzima.

"Wewe mwanangu," akaniambia mimi, "hebu nishushie hilo turubai, nnaungua!"

Nikalishusha. Marhoon alimtazama mamake, akatabasamu tu. Mtoto aliyelelewa vizuri haendi zaidi ya hapo.

"Usinichekee," alisema Bi Kheiria, gari likisimama Matrah. "Huu upepo wa njiani, hauna adabu. Wa kwangu utapiga hodi."