Shangazi na Vifaranga Wasio na Macho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tarehe 30 Juni mtunza samaki wa maabara yetu anastaafu. Jina lake lipo kwenye faili. Sisi tunamwita Shangazi, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Alianza kwa kuosha vioo. Baadaye akakabidhiwa chumba cha matangi na samaki wake wenye milia, wadogo kuliko kidole. Huko alitawala. Aliyeingia na viatu vya matope alitoka amedeki sakafu, awe profesa au nani.

Mwaka wake wa tisa, katika sahani moja ya kuangulia mayai wakaanguliwa vifaranga wa samaki wasio na macho. Mkuu wa maabara wa wakati huo alisema maji yamechafuka, akaamuru wamwagwe. Shangazi akagoma kwa adabu.

“Maji nimepima mwenyewe asubuhi,” alisema. “Hawa wamerithi kitu.”

Akawazalisha wazazi walewale mara tatu. Kila mara, karibu robo ya watoto walitoka bila macho. Watafiti walipowatazama kwa hadubini, wakakuta ubongo wa mbele nao umedumaa. Macho huchipuka kutoka ubongoni, na jeni inayotoa amri hiyo, kiumbe kikiwa bado kitone, ilikuwa na hitilafu. Makala ilipochapishwa, jina la Shangazi lilikuwa la pili kutoka juu kati ya waandishi. Mkuu aliliandika kwa mkono wake.

Miaka minane iliyopita, mama mmoja, kwa maelekezo ya hospitali, alituletea binti yake mchanga aliyezaliwa bila macho. Mawifi walishasema amevuna alichopanda. Vipimo vikaonyesha hitilafu kwenye jeni ileile. Daktari alieleza kitaalamu, mama akabaki anatazama sakafu. Shangazi, aliyekuwa ameleta picha za vifaranga wake, akavuta kiti.

“Mwanangu, nusu imetoka kwako, nusu kwa mumeo, na hakuna aliyejua. Hukukosea kitu.”

Yule mama alilia weee. Kisha akajifuta, akaomba majibu yenye mhuri akawasomee mawifi. Tukampigia mihuri miwili.

Binti huyo sasa anasoma kwa ncha za vidole, tena kwa kasi, na kila Ijumaa humpigia Shangazi simu kumsimulia ya shuleni.

Shangazi, tunakushukuru kwa jicho lako kali na ubishi wako wenye faida. Kapumzike, ulale hadi usingizi wenyewe uchoke. Afya na furaha zikuandame popote uendapo. Tunajivunia kwamba tulifanya kazi chini yako, hata waliokuwa mabosi wako.