Ndunge Kitavi na Vihami vya Dagoretti

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Ndunge Kitavi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya laini kubwa za stima. Wenzake wameniomba mimi, binti wa kaka yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niandike wasifu huu. Wao wana mabosi. Mimi nina mwalimu mkuu tu.

Kazi yake ilikuwa kuchagua vihami, yaani vile visahani vya kauri, kioo au mpira vinavyoshikilia waya ili umeme usiingie kwenye mnara. Hakuchagua kwa picha za wauzaji. Alitundika kihami mahali penyewe mwaka mzima, kisha akakiosha nyumbani kwenye beseni na kupima chumvi iliyobaki majini. Uchafu ukizidi, alitaka kihami kirefu chenye mikunjo mingi. Majirani zetu pale Adams Arcade walidhani anauza vyombo.

Laini mpya ilipopangwa kupita Dagoretti, alitaka kihami cha majaribio kitundikwe karibu na machinjio, penye vumbi, moshi na korongo wanaochafua minara. Bw. Mbugua, meneja wa ununuzi, akakitundika kwenye yadi ya Lavington, eti huko kuna askari wa kukilinda. Lavington, ambako hata majani hufagiliwa mara mbili kwa siku!

“Madam, ndege na stima ni wapi na wapi?” alimcheka mkutanoni.

“Panda huko juu basi, ujionee,” akajibiwa.

Kihami kilishushwa kikiwa safi, vikanunuliwa vifupi kwa laini ya Dagoretti. Manyunyu ya Julai yakalowesha uchafu, umeme ukatambaa juu yake, na laini ikazimika mara sita kwa wiki moja. Barua ya onyo akaandikiwa Bi. Ndunge. Waraka wake wa kupinga jaribio la Lavington, wenye muhuri wa kupokelewa, wakubwa hawakuusoma. Mimi nimeusoma mara nne. Unaeleweka kuliko kitabu changu cha fizikia.

Mwaka huu vihami vile vimebadilishwa kimyakimya, vikawekwa alivyopendekeza yeye. Barua bado imo kwenye faili yake. Anasema tuyaache. Siwezi. Kwenye sherehe ya kumuaga, Bw. Mbugua atakaa meza ya mbele. Kabla keki haijakatwa, asimame aseme mbele ya watu kwamba kosa lilikuwa lake, na barua itolewe.

Asante, shangazi, kwa kila mnara uliopanda. Pumzika kwa afya na furaha. Hukukosea.