Asumani Aliyeusingizia Mto

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, ng'ambo ya mto au kando ya reli, sogezeni viti tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Asumani bin Hamadi, msoma maji wa bandari ya Kindu. Ametutoka wiki iliyopita. Asumani, msoma maji.

Kazi yake ilikuwa hii. Pale bandarini kuna nguzo imesimama ndani ya mto Lualaba, imeandikwa namba. Kila asubuhi Asumani alishuka ukingoni, akatazama maji yamefika namba gani, akaandika kitabuni, ili wenye meli wajue njia. Saa zile ukungu umelala juu ya mto. Ulimwona kuanzia kiunoni tu, miguu imepotea, kama mtu anayetembea katika usingizi wake. Miaka ishirini hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi mnanijua, sina breki. Basi tulipatana vizuri sana.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa 1951 mvua ilinyesha mpaka tukachoka. Mto ukapanda, ukaingia mtaa wa chini. Mwezi wa sita mvua ikakatika, maji yakaanza kushuka, watu wakamshukuru Mungu. Kule zahanati, mganga Henri akafungia kinini, dawa ya homa, kabatini. Hakukosa peke yake. Mji mzima tulisema neno moja: mvua imekwisha, homa imekwisha.

Kumbe sivyo. Mvua kubwa inaosha. Maji yanayokimbia hayalei mbu. Lakini mto ukishuka unaacha vidimbwi nyuma yake, jua la kiangazi linavipasha moto, na mbu wanazaliwa humo polepole, bila kelele. Mwezi wa saba, anga jeupe, vumbi njiani, hakuna tone la mvua, homa ikapita nyumba kwa nyumba. Ikamchukua Zaina, mtoto ambaye Asumani alimzaa na mke wake Hadidja. Alikuwa na miaka minne. Zaina, miaka minne tu.

Siku ya pili baada ya mazishi, Asumani alizunguka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na shimo la kulowekea mihogo. Mwezi ule halikuwa na mihogo. Mto ulilijaza, ukaliacha. Maji safi kabisa, unaona mpaka chini, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vinapanda na kushuka. Hakumwita mtu. Alichukua jembe, akalifukia shimo.

Kisha akaenda zahanati na kitabu chake cha maji. Henri mwenyewe amenisimulia.

"Akaniambia: 'Munganga, tazama. Maji ikishuka, juma mbili, juma tatu, homa inakuja. Mwaka huu, na mwaka jana vilevile.' Mimi nikacheka. Nikamwambia: 'Baba Asumani, mvua imekwisha.' Akajibu: 'Ndiyo, imekwisha. Njo pale homa inaanza. Maji yenye kutembea haina neno. Maji yenye kulala njo inazaa.' Alipoondoka nikafungua kitabu changu cha wagonjwa. Ilipatana na kitabu yake. Nilisikia aibu, ndugu yangu."

Tangu mwaka ule, kinini ya mtaa wa chini inangoja mto ushuke, ndipo igawiwe. Na kila mto ulipoanza kushuka, Asumani alipita na jembe begani akiita: "Maji inalala! Maji inalala!"

Msidhani alipokewa kwa ngoma. Shimo la mihogo ni tumbo la nyumba, mama gani atakubali ulifukie? Mama Euphrasie, jirani yake, anacheka akikumbuka, huku anafuta machozi.

"Nilimutukana muzuri! Nikamwambia: 'Utatulisha muchanga?' Hakukasirika. Akasema: 'Mama, mimi nilianza na shimo ya kwangu. Peleka mihogo yako mutoni, ifunge ndani ya kitunga, maji itembee.' Sasa sisi wote tunaloweka kule."

Watu walimuuliza mara nyingi: Asumani, jambo hili ulilijuaje? Jibu lake lilikuwa lilelile: "Ni muto uliniambia." Hata mimi aliniambia hivyo, nikaamini.

Wiki iliyopita nilikwenda kilioni. Hadidja alikuwa ameketi mkekani. Aliniuliza: "Utasema habari yake ku redio?" Nikasema ndiyo, mama.

"Basi sema hivi. Ile shimo ya nyuma ya nyumba yetu, mimi njo niliichimba. Kwa mikono yangu. Yeye alijua. Miaka saba alijua, na mimi nilijua ya kuwa anajua. Hakuniambia neno. Hakuniangalia mubaya hata siku moja. Watu wakimuuliza, anasema muto, muto. Aliusingizia muto juu ya kunificha. Mutu wangu yule."

Wasikilizaji wapendwa, mimi niliyesema sina breki, pale niliketi mkekani kando yake. Nililia tu.

Mama Hadidja, nimesema kama ulivyoniagiza. Pole sana. Poleni ukoo wote wa Hamadi, poleni watu wa bandari. Mungu amrehemu Asumani, amkutanishe na Zaina wake.

Nanyi mnaonisikia: mvua imekatika, na Lualaba inashuka wiki hii. Mkimaliza kunisikiliza, zungukeni nyuma ya nyumba zenu, na za majirani pia. Mkikuta shimo lenye maji, lifukieni. Msiulize nani alilichimba.