Nusu Saa ya Mama Taa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye mtaani tulimwita Mama Taa. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Alifia kwenye ngazi za jengo lao, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mkate ukiwa bado kwapani.

Alikuwa akiishi ghorofa ya nne. Chumba kimoja, dirisha moja linalotazama barabara, kitanda kimoja kikubwa na kingine cha kukunja. Kwenye kitanda kikubwa amelala mumewe, fundi wa mapaa. Miaka kumi na mmoja iliyopita fundi huyu aliteleza kwenye paa la bohari akaanguka. Tangu siku hiyo hawezi kujigeuza. Daktari alimwambia mkewe, "Mgeuze kila baada ya saa mbili. Usipomgeuza, ngozi itafanya vidonda."

Kila baada ya saa mbili, wasikilizaji wapendwa. Kwa miaka kumi na mmoja.

Na mgonjwa hakutaka mkono wa mtu mwingine, isipokuwa wa mkewe na wa dada yake. Anakiri mwenyewe. "Niliona haya," aliniambia juzi. "Jirani anigeuze kama godoro linaloanikwa? Nikasema, jirani hanigusi."

Basi Mama Taa aliishi kama yule mbuzi anayekula kwa urefu wa kamba yake. Kamba yake ilikuwa ya saa mbili.

Akiwa na miaka arobaini na minane, alijiandikisha masomo ya kompyuta ya jioni. Darasa liko juu ya duka la mikate, ng'ambo ya barabara. Mimi pia nilisoma pale. Tulikuwa wawili tu wenye miwani ya kusomea. Yeye alichagua kiti cha dirishani, ili alione dirisha lake.

Mwisho wa mwaka mwalimu akatuletea taa za sikukuu, zile za kamba, taa mia moja kila kamba. Kila taa ina namba yake. Kwenye kompyuta unaona mistari ya kulala na safu za kusimama: mstari ni taa, safu ni muda. Unapaka rangi unayotaka, na urefu wa rangi ndio muda wa taa kuwaka. Sisi tulichora nyota na mawimbi. Mama Taa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, rangi moja inaweza kukaa muda gani?"

"Utakavyo, mama. Sekunde kumi, ishirini."

"Saa mbili je?"

Darasa zima tulicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi nzima alizifunga taa kuzunguka dirisha, akaziunganisha na kompyuta aliyoazimwa na darasa. Alipomaliza hazikuwaka. Taa hizi zina kichwa na mkia. Maagizo huingia kichwani, yakapita taa kwa taa hadi mwisho. Yeye alikuwa ameuchomeka mkia. Mumewe alicheka kitandani mpaka akakohoa. "Mke wangu, umemlisha ng'ombe kwa mkia!" Akazifungua zote mia moja, akaanza upya.

Zilipowaka, mtaa ulidhani ni mapambo. Kumbe ilikuwa saa. Kijani: mgonjwa amegeuzwa. Njano: anza kurudi. Nyekundu: muda umekwisha. Akishamgeuza, anabonyeza kitufe, kijani kinaanza tena.

Sasa aliweza kutoka bila kutazama saa, mradi dirisha lionekane. Kwenye nyumba ya ibada alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kutoka pale zilionekana taa mbili tu. Alisali jicho moja likiwa wazi, na ninaamini Mungu hakumhesabia kosa.

Mtaa mzima ukajifunza rangi zake. "Mama Taa, njano hiyo!" tulimwita. Mama muuza mikate alimtania, "Shoga, bwana anakuita kwa rangi!" Naye akajibu huku anakimbia, "Wako anakuita kwa makelele, nani ana nafuu?" Tulidhani tunamsaidia. Kumbe tulikuwa tumeishika kamba ile pamoja, mtaa mzima, tunaivuta.

Mwaka wa pili ukafika mtihani wa mwisho. Ulifanyikia mbali, mahali ambapo dirisha halionekani. Kwenda, kuandika na kurudi ni saa tatu. Wifi yake aliahidi kuja kumgeuza kaka yake. Hakuja. "Nilikuwa na nguo za kufua," wifi aliniambia, akalia. "Nguo tu, ndugu yangu."

Mama Taa alisimama mlangoni, kalamu mkononi. Mumewe akamwambia, "Vuta hicho kijani kifike saa tatu, mtaa usije ukakupigia kelele. Nenda. Ngozi yangu itavumilia."

Akavuta. Akaenda.

Aliporudi, alikuta wekundu kwenye nyonga. Ule wekundu ukawa kidonda, na kidonda kikachukua miezi miwili kupona. Mtihani alifaulu, tena vizuri. Cheti hakukitundika. Alikiweka chini ya godoro la kitanda cha kukunja, akakilalia.

Siku aliyofariki, alitoka kununua mkate. Taa zikawa njano. Zikawa nyekundu. Tukaita, "Mama Taa, nyekundu!" Tukacheka, tukasema leo kanogewa. Mama muuza mikate ndiye aliyepanda ngazi. Akamkuta.

Siku hiyo fundi aligeuzwa na mikono ya jirani kwa mara ya kwanza. Sasa tuna zamu: wifi, mwalimu, mama muuza mikate, mimi. Taa zikiwa njano, mwenye zamu anapanda.

Wiki iliyopita mwalimu alifungua kompyuta ya Mama Taa kuangalia programu ile. Akahesabu safu mara mbili. Kijani na njano kwa jumla havikufika saa mbili. Vilikuwa saa moja na nusu. Tarehe ya mabadiliko ilikuwa siku ile ile ya mtihani, jioni.

Miaka minne alijikata nusu saa, hakumwambia mtu. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa sote tulitazama rangi. "Mimi nilidhani ugonjwa ndio umeniharibia hesabu ya muda," alisema mumewe. Kisha akamgeukia mwalimu kwa macho, maana ndiyo pekee anayoweza kugeuza. "Ningekubali mikono ya watu, angekuwa na siku nzima. Mwalimu, mrudishieni nusu saa yake."

Mwalimu akavuta kijani hadi pale kilipokuwa.

Kwako fundi, kwako wifi, na kwa wote waliompenda, poleni sana. Mwenyezi Mungu ampokee, na ampe pa kukaa pasipo haraka. Nasi tujiulize: ni nani tunayemwita kwa rangi, na hatujawahi kupanda ngazi zake?

Kipindi hiki, wasikilizaji wapendwa, huchukua nusu saa. Leo chote kilikuwa chake. Hapa studio, kupitia dirisha, naiona ghorofa ya nne. Njano imeanza. Ni zamu yangu.