Fundi Gosbert Kahigi na Miiba Ndani ya Betri

Ndugu waombolezaji, marehemu aliagiza kwamba katika kusoma maisha yake lisirukwe jambo moja alilolificha kwa karibu miaka minane, nasi tutamtii.

Gosbert Kahigi alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Isingiro, mtoto wa pili wa Mzee Apolinary na Mama Auleria, wakulima wa migomba na kahawa, akasoma shule ya msingi hukohuko tangu 1957 hadi 1963, akajifunza ufundi wa magari mjini Bukoba, na tarehe 8 Juni 1974 akafunga ndoa na Dafroza Kokwijuka, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 1980 alifungua hapa Bugene karakana ya kuchaji betri za magari, zile tunazosikilizia redio majumbani, akafanya kazi bila mshindani hadi 1984, Celestin Sibomana alipofungua ya kwake Kihanga, na tangu hapo marehemu akawa anawaona wateja wake wakimpita mlangoni, betri zimefungwa kwenye baiskeli, wala hawageuzi shingo, kwa kuwa betri za Celestin zilidumu miaka mitatu na zake hazikumaliza mwaka.

Wivu ulimkosesha raha, kwani kila alipopasua betri yake iliyokufa alikuta miiba myembamba ya madini ya risasi imeota kwenye bamba moja, ikatoboa kitenganishi, ile karatasi inayotenga mabamba, na kuligusa bamba la pili, akatangaza gulioni kwamba mwenzake ni mganga, si fundi, akanunua kwa siri betri iliyohudumiwa Kihanga, akaikata kwa msumeno, asione mwiba wala dawa, na mkewe alipomshauri aende akaulize tu, kwani mdomo haulipiwi ushuru, alisusa chakula siku mbili.

Tarehe 3 Agosti 1988 alikwenda, akakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na Celestin akamweleza bila kumficha kitu kwamba miiba huota pale betri inapoachwa imekwisha chaji kabisa, ikalala chini ya kitanda kungoja siku ya gulio, kisha ikachajiwa kwa pupa ili mteja aondoke nayo jioni, kwa hiyo betri iletwe wakati redio ingali na sauti, ichajiwe taratibu kwa siku mbili.

Marehemu alirudi akayafundisha hayo kama ugunduzi wake, akasifiwa tarafa nzima, na kila sifa ilimchoma, maana alijua ni ya nani.

Mei 1995 aliugua figo, Celestin akamtembelea kila Jumapili, naye mara tatu za kwanza akageukia ukutani, mara ya nne akamshika mkono, na tarehe 9 Februari 1996, saa nne asubuhi, akafariki dunia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi na mafundi wenzake wote, na kwa agizo lake tunatamka kwamba maarifa yale yalikuwa ya Celestin Sibomana, ambaye amesimama kule nyuma, na ambaye Mama Dafroza anamwomba aje aketi hapa mbele pamoja na familia.

Gosbert, tumelisema, sasa pumzika kwa amani.